UZI: Bonde la Rufiji kwenye ramani za zamani, mto ulikopita na watu walikokaa

Mwanamlau (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu uzi nimeuahirisha sana, leo acha niuandike. Mwezi uliopita nilipata karatasi ya ramani ya zamani ya bonde la Rufiji, kipande cha kutoka Utete kushuka kuelekea Ndundu. Ni ya skeli 1:50,000, wa ule mfululizo wa Y742 ambao wapimaji wa Uingereza na idara yetu ya upimaji waliutoa kwa karibu nchi nzima. Sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Kila karatasi inachukua dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, kama kilomita 27 na nusu kila upande, kwa hiyo ukiitandaza inajaza meza nzima. Yangu imechorwa kutokana na picha za angani zilizopigwa kabla ya 1968. Kwa mtu wa Rufiji mwaka huo si namba tu, nitaueleza.

Niliipeleka kwa mjomba wangu, tukaitandaza ukumbini juu ya mkeka, kila kona tukaikandamiza kwa kikombe. Mjomba kazaliwa bondeni. Nikamwonyesha Utete, nikamwonyesha mto wenyewe kwa rangi ya buluu, michanga imetiwa vitone vitone. Akakaa kimya muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akaweka kidole kwenye vinukta vyeusi upande wa kaskazini wa mto. Kila kinukta ni nyumba. Akasema, "Hapa ni kwetu."

Akaanza kuzitaja: hii ya fulani, hii ya fulani, huyu alikuwa fundi mitumbwi. Alitaja nyumba kumi na moja. Kisha akasema, "Ya bibi haipo."

Nikamwambia labda mchoraji aliisahau. Akakataa. "Ilikuwa chini ya mwembe mkubwa." Hapo ndipo nilipoelewa: mchoraji alifanya kazi kwa picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, na ndege iliuona mwembe, nyumba haikuiona.

Kwa wasiojua, mwaka 1968 Rufiji ilifurika vibaya, na baada ya hapo serikali ikaja na Operesheni Rufiji. Watu wakatolewa bondeni wakapelekwa kwenye miinuko, wengi upande wa kaskazini, kwenye vijiji vya ujamaa. Ni miaka kadhaa kabla ya operesheni za vijiji za mikoa mingine. Mjomba alikuwa mtoto wa madrasa. Anakumbuka kuku wamefungwa miguu wamewekwa juu ya vitanda, na vitanda viko juu ya lori.

Nilitaka kumrudisha pale alipozaliwa. Nikasoma majira ya nukta, yaani namba za mahali, kwenye gridi ya ramani, nikaingiza kwenye simu, tukaenda. Simu ikatufikisha katikati ya shamba la mahindi, dungu moja, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, limesimama kwa mbali, nyumba hakuna. Mjomba akatazama huku na huku, akasema, "Si hapa. Kwetu tukilala tulikuwa tunausikia mto." Nilidhani ni umri, amesahau, na nilirudi nyumbani nikiwa na huzuni.

Nauliza mambo mawili. Kuna mtu amewahi kulinganisha ramani za zamani za Rufiji na hali ya leo? Na kuna mwenye karatasi ya jirani, upande wa Mohoro?

---

Kijana wa Ikwiriri

Mkuu umenigusa. Mimi nimewahi kulinganisha. Nilitembea ukingoni na simu nikachukua pointi kama arobaini, nikaja kuziweka kwenye karatasi ya zamani kwa kalamu. Mto wote umehama mita 300 kwenda kusini! Kila pointi. Nimewaambia watu hapa kijijini kwamba mto unatukimbia.

---

Mpimaji37

Kijana wa Ikwiriri na Mwanamlau, salaam. Nimefanya kazi ya upimaji miaka mingi na nawaomba mnisikilize kidogo, kwa sababu nyote wawili mmepatwa na jambo lile lile.

Gridi ya ramani za Y742 imejengwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ambao umbo la dunia ulilitwaa kwa vipimo vya Clarke vya 1880. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS84. Misingi hiyo miwili haikubaliani. Huko Rufiji, mahali pamoja pakisomwa kwa Arc 1960 na kwa WGS84, namba za kaskazini zinapishana kama mita 300 na za mashariki karibu mita 100. Kwenye karatasi ya 1:50,000 hizo mita 300 ni milimita 6, upana wa kalamu ya risasi.

Kwa hiyo Kijana, ukichukua namba za simu ukaziweka juu ya gridi ya zamani bila kuzibadilisha, kila kitu kinaangukia kusini kwa mita 300. Mto haujakukimbia. Ungechukua pointi ya msikiti uliokuwepo tangu enzi hizo, au njia panda ya zamani, nayo ingehama mita 300. Hiki ndicho kipimo ninachowafundisha vijana wangu: kabla hujasema mto umehama, tafuta kitu kisichohama ukipime kwanza. Kikihama nacho, kosa liko kwenye gridi yako.

Pia mto unaohama kweli hauhami wote upande mmoja. Unakula ukingo wa nje wa kona na kuacha mchanga ndani ya kona. Ukiona kona hii imekwenda kaskazini na ile inayofuata imekwenda kusini, hapo niite tuzungumze.

Kwako Mwanamlau ni kinyume chake. Ulichukua namba za karatasi ukazitia kwenye simu. Simu ikawapeleka mita 300 kaskazini mwa mahali penyewe, na karibu mita 100 magharibi. Mzee wako hakusahau. Mwombe radhi.

---

Mwanamlau

Mpimaji37, nimesoma bandiko lako nikiwa kazini nikatoka nje nikampigia mjomba. Ahsante sana.

Nikitaka kufanya vizuri nafanyaje? Nina kompyuta, na QGIS, ile programu ya ramani, ninaitumia kidogo.

---

Mpimaji37

Skani karatasi nzima pamoja na pambizo zake. Kwenye QGIS iwekee pointi kwenye makutano ya mistari ya gridi, pembe nne na nyingine kadhaa katikati, na uiambie kwamba namba hizo ni za Arc 1960 UTM kanda ya 37 Kusini. Namba yake ya EPSG, ile orodha ya mifumo ya gridi iliyomo kwenye programu, ni 21037. Usiiambie WGS84, ambayo ni 32737. Programu itafanya hesabu yenyewe, na picha ya setilaiti itakaa mahali pake chini ya ramani. Halafu kagua kwa njia panda na majengo ya zamani kama nilivyosema.

Pambizo msiidharau. Pale ndipo pameandikwa mwaka wa picha za angani, mwaka wa uchapaji, msingi wa vipimo na mchepuko wa sumaku. Mwaka wa kuchapwa na mwaka wa picha vinaweza kuachana kwa miaka kadhaa, na mto kama Rufiji katika miaka kadhaa unafanya mengi. Mto uliomo kwenye ramani ni mto wa siku ile ndege ilipopita. Kama ilikuwa kiangazi utaona michanga mipana, kama ilikuwa baada ya masika hutaiona.

---

Kijana wa Ikwiriri

Nimeelewa mkuu, nitawaeleza na wenzangu niliowaambia. Ila pambizo ya karatasi yangu haipo. Nilipeleka duka la steshenari wanipigie nakala, wakaikata pembeni ili iingie kwenye mashine yao, na ile asili wakaikunja ikapasuka. Sina namna ya kujua ni ya mwaka gani.

---

Mpimaji37

Pole. Kama namba ya karatasi ilisalia, hata kwa kumbukumbu, unaweza kwenda kuulizia karatasi hiyo hiyo kwenye ofisi ya upimaji na ramani Dar es Salaam. Namba huandikwa kwa mtindo wa mkato, namba kubwa kisha /1, /2, /3 au /4, kwa sababu kila karatasi kubwa ya nusu digrii imegawanywa nne.

---

Bibi Historia

Wanangu, nimefurahi kuuona uzi huu. Niongeze ya Wajerumani.

Kabla ya ramani hizo kulikuwa na ramani kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ya 1:300,000, iliyokamilishwa na Paul Sprigade na Max Moisel na kuchapwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer. Hapo sentimita 1 ni kilomita 3. Hawakuwa na picha za angani. Ile ramani imeshonwa kutokana na safari: ofisa au mpelelezi anatembea na msafara, mkononi dira na saa, anaandika kila njia inapopinda na muda aliotembea, na wachoraji Berlin wanaziunganisha safari hizo moja moja. Ndiyo maana ukiitazama unaona njia moja imejaa majina ya vijiji na majumbe, na pembeni yake karatasi ni nyeupe. Weupe huo watu wengi huusoma vibaya. Watu walikuwepo. Asiyekuwepo ni mzungu mwenye dira.

Mohoro kwenye ramani za wakati huo utaikuta imeandikwa Mohorro, kwa r mbili, na kwa herufi nzito, maana boma la Wajerumani lilikuwa pale. Hapo ndipo Kinjikitile wa Ngarambe alipopelekwa na kunyongwa tarehe 4 Agosti 1905, Maji Maji ikiwa ndiyo inaanza. Kwenye karatasi za Waingereza Utete ndiyo kubwa, Mohoro imepungua. Ukiziweka ramani mbili pamoja unaona hata serikali ilivyohama kando ya mto uleule.

Na kabla ya hao wote, Sultani wa Zanzibar alimtuma William Beardall mwaka 1880 kuukagua Rufiji. Kwa hiyo mto huu umeandikwa kwa zaidi ya miaka 140, kila mwenye nguvu akitafuta chake.

---

Nahodha wa Nyamisati

Shikamoo Bibi. Na mimi niseme ya huku chini, deltani.

Watu wa huku tunajua kwamba chati inaweza kuzamisha meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha huku mwaka 1914, Waingereza hawakutegemea kwamba meli ya ukubwa ule ingeweza kupita midomo ya Rufiji. Wajerumani walijua inawezekana, maana meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imeipima mikondo. Waingereza ikabidi waanze kujifunza upya. Walimleta mwindaji kutoka Afrika Kusini, Pretorius, akawa anaingia kwa siri na kupima kina cha mikondo. Ndipo zikaletwa meli bapa mbili, Severn na Mersey, zisizohitaji maji mengi, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikamalizwa.

Ila chati ile ya 1915 leo usiifuate. Baada ya mafuriko ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji matamu iligeukia matawi ya kaskazini. Zamani matawi ya kusini ndiyo yaliyobeba mto. Huku kaskazini watu wakafuata maji matamu, wakakata mikoko wakalima mpunga. Ukichukua karatasi ya Y742 ya delta na picha ya setilaiti ya leo, mahali palipochapwa kijani cha mikoko utaona majaruba. Na kusini kuna mikondo ambayo babu alipita na jahazi, leo mtumbwi unasukumwa kwa mguu.

---

Mchumi wa Bonde

Nimesoma yote kwa heshima, ila niwaulize jambo. Bwawa la Julius Nyerere limeshajengwa pale juu, megawati 2,115, maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Mto wa kwenye ramani hizo haupo tena. Mafuriko ya kila mwaka yaliyochora mikondo hiyo sasa yana mlango na ufunguo. Hizi karatasi zitamsaidia nini mkulima wa leo?

---

Mama Jaruba

Mchumi, nikujibu mimi ninayelima.

Kilimo chetu kina nyakati mbili. Mpunga tunaupanda na mvua za mwanzo, maji ya mto yaje yaukute umesimama. Maji yakishuka tunapanda mlau kwenye tope lililobaki: mahindi, kunde, maboga, zamani na pamba. Mlau hauhitaji mvua, unanyonya unyevu ulioachwa na mto. Lakini si kila mahali panashika mlau. Ni kwenye yale mabonde madogo na mikondo ya zamani, ambapo maji yanachelewa kuondoka. Ukiwa mgeni huoni kitu, pote unaona tambarare.

Aprili 2024 maji yalipokuja, kwangu hayakuja kutoka mtoni mbele ya nyumba. Yalikuja kwa nyuma, kwenye kibonde ambacho watoto wanachezea mpira. Mama mkwe alisema zamani pale ndipo mto ulipopita. Hatukumjali. Tulipoteza godoro, cherehani, magunia mawili ya mpunga. Hata hivi bwawa lipo, mto ulijua njia yake. Kama ramani ya zamani inaonyesha kile kibonde ni mkondo, mimi naitaka ramani hiyo leo kabla mwanangu hajajenga.

---

Mpimaji37

Mama Jaruba amesema neno. Mchumi, angalia kontua za karatasi hizo, ile mistari ya kahawia inayoonyesha kimo cha ardhi: nyingi ziko kila futi 50, karibu mita 15. Bondeni kwote unaweza kutembea nusu siku usivuke kontua hata moja. Kwa hiyo kibonde cha mita mbili, au kile kimwinuko kando ya mto ambapo wazee walijenga, kwenye rangi ya kahawia hakipo kabisa. Kinachokionyesha ni vitu vingine: ziwa jembamba lililopinda kama mundu, mstari wa kinamasi, alama za mahali panapofurika, na vinukta vya nyumba vilivyojipanga mstari. Nyumba zikijipanga mstari bondeni, jua hapo chini yake pana mwinuko, ukingo wa mto wa leo au wa zamani. Watu walikuwa ndio kontua.

Maziwa kama Utunge, Zumbi na Ruwe mnayajua. Yatazameni kwenye karatasi kwa mpangilio wake na mto mtaona bonde lilivyo na kumbukumbu. Na kwa kuwa bwawa sasa linashika tope kule juu, maji yanayoshuka yana njaa ya udongo, yanakula kingo. Mistari ya zamani ndiyo kianzio chetu cha kupima yanakula kiasi gani.

---

Mchumi wa Bonde

Nimekubali. Mama Jaruba, pole sana kwa hasara.

---

Mwanamlau

Wakuu, nimerudi na taarifa.

Nimefanya kama Mpimaji37 alivyoelekeza. Kwanza njia panda mbili na jengo moja la zamani la Utete: zimekaa sawa, hazikupishana hata mita 20. Kisha nikatazama kitongoji cha mjomba. Kwenye ramani ya zamani nyumba zile kumi na moja ziko milimita 4 kutoka kwenye ukingo wa mto, yaani mita 200. Kwenye picha ya leo mahali hapo si shamba. Ni mchanga. Mto umekula ukingo wa kaskazini wa kona ile, umepita juu ya kitongoji chote, na upande wa pili wa kona umeacha uwanda mpya ambao sasa una matete.

Kona inayofuata chini yake imehama kinyume. Kijana wa Ikwiriri, hapo sasa ndipo tumwite Mpimaji.

Jumamosi nilimpeleka tena mjomba. Maji yalikuwa yameshuka. Tuliacha pikipiki, tukapita katikati ya mahindi ya watu kwa ruhusa yao, tukashuka ukingo ambao ni mkali na bado unamomonyoka, mizizi ya nyasi inaning'inia. Simu ikasema tumebakiza mita 35, mbele yetu ni mchanga na kijimkondo cha maji ya magotini. Mjomba akavua viatu, akavuka, akasimama. Akauliza, "Mto unausikia?" Nikasema naam. Akasema, "Ndiyo hapa."

Hakukuwa na chochote cha kuona, wala sikutegemea. Alinieleza madrasa ilikuwa upande gani, na njia ya kwenda kuteka maji, na kwamba mafuriko ya kawaida walikuwa wakiyangojea, wanapanda juu ya dungu na mahitaji yao siku kadhaa na maji yakishuka wanashukia mlau. Alipohamishiwa juu, shamba likabaki bondeni, mwendo wa saa nzima na zaidi, na usiku hakuna wa kulinda. Nguruwe na nyani wakafaidi. Alilisema hilo kwa uchungu kama la jana.

Tuliporudi aliniomba kalamu ya risasi. Kwenye karatasi ile ile, kando ya nukta ya nne kutoka mashariki, amechora duara dogo na kuandika "mwembe wa bibi". Kisha ameandika majina ya nyumba zote kumi na moja, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa, nami nimeyanakili kwa herufi hizi zetu kwenye daftari. Majina ya watu sitayaweka hapa. Majina ya mahali ninayo tisa mpaka sasa, na sita kati yake hayamo kwenye ramani yoyote niliyoiona.

Mama Jaruba, nitumie ujumbe wa faragha uniambie uko upande gani wa barabara, kibonde chako nikitafute kwenye karatasi kabla ya masika.

Karatasi ya Mohoro bado naitafuta.

---

Nahodha wa Nyamisati

Ya Mohoro ninayo, imeliwa na mchwa kona moja lakini pambizo ni nzima. Nakuja Dar Jumatano na boti ya asubuhi. Nitaikunja kwenye bomba la plastiki isilowe.